Siku Kumi na Moja Bila Kufagia

Utotoni kwangu, pale Point, mtaa wa bandarini huku ugenini kusini mwa Afrika, nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na humo ndani Bibi ndiye aliyekuwa serikali. Sheria yake kubwa aliileta kutoka Burundi: mgonjwa akienda hospitali, hakuna kufagia mpaka arudi. Ukifagia unazoa nyayo zake, naye hataiona tena njia ya nyumbani.

Nilikuwa na miaka tisa kifua cha Mama kilipoanza kumbana. Asubuhi moja wanawake wa ghorofa letu walimsindikiza kliniki, watano wazima, maana kwetu mgonjwa haachwi aende peke yake. Mbele yao alikuwa Mama Nadia, kwa sababu alijua Kizulu, lugha ya manesi. Mchana majirani wakaanza kuleta chakula, nami nikaona aibu kwa maharage yaliyomwagika sakafuni. Bibi aliposinzia, nikafagia.

Jioni Mama akarudi. Nilifurahi mara mbili: Mama yupo, na Bibi ni muongo.

"Hajatibiwa," Mama Nadia alimwambia Bibi. "Wamesema karatasi yake ya ukimbizi imeisha, alete mpya. Nimebembeleza mpaka nimechoka."

Siku tatu baadaye midomo ya Mama ikabadilika rangi. Wakampeleka hospitali kubwa, na huko walimpokea bila kuuliza karatasi. Safari hii niliilinda sakafu kama askari. Siku kumi na moja mchanga ulitukwaruza nyayo, wageni wakaruka makombo, na hakuna aliyegusa ufagio. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba atarudi.

Hakurudi.

Baada ya mazishi nilimwambia Bibi kuhusu ile siku ya kwanza, nikasubiri kofi. Akanivuta mapajani pake, mimi na urefu wangu wote.

"Siku ulifagia, alirudi," akasema. "Mwenye alimfungia mama yako njia haiko wewe."

Kwa miaka mingi nilimwamini nusu tu. Akili ilijua kwamba dawa ya siku ile ya kwanza ingetosha, lakini mikono yangu iliendelea kujiona na hatia. Hata leo ukiniuliza ghafla ni nani aliyemfungia njia, sijui nitajibu nini.

Siku hizi nawasindikiza wakimbizi wenzetu kliniki, wa Point na wa mtaa wa Greyville. Naijua sheria, na nabishana getini bila haya mpaka mgonjwa aingie. Watu husema nina moyo mzuri. Labda. Wiki iliyopita mama mmoja alitoka na dawa zake mkononi, binti yake akamkimbilia, akamkumbatia, akaanza kumgombeza kwa kusahau sweta. Niligeuka upande, nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba. Niliwaonea wivu. Nakaribia miaka arobaini, nina watoto wawili, na bado namtaka mama yangu.