Mikono Isiyotakata

Watu wa kwetu Pate wakisikia nilifanya kazi kiwanda cha chuma huko bara, huniuliza kwanza habari za moto. Moto si kitu. Moto unauona, unaukwepa. Kilichotumaliza ni magamba. Tulilisha tanuru vyuma chakavu, mabati, milango ya magari, mashine za maboti zilizokufa, na chuma kikitoka upande wa pili ni fimbo nyekundu inayokimbia sakafuni. Tuliidaka kwa koleo na kuiingiza kwenye mtambo wa kuivuta iwe nondo. Ikianza kupoa huambuka magamba meusi, membamba, yanayoruka na kuingia kila mahali, puani, kwenye mate, ndani ya chai. Msimamizi alitugawia maziwa ya pakiti, ati yanaosha kifua. Glavu zikitoboka tuliambiwa tuzitunze. Maziwa hayo niliyanywa miaka yote, na kifua changu mpaka leo hakijapata habari zake.

Gamba la moto likikuangukia kiganjani, ngozi huungua, kisha hupona juu yake na kulifunika. Likija jingine, vilevile. Ndivyo viganja vyangu vilivyogeuka vyeusi, na huo weusi hauna sabuni.

Baba yangu alikuwa mtu wa msikitini, mkali wa twahara. Likizo yangu ya kwanza alinishika mkono kabla ya sala ya alasiri, akanipeleka kwenye birika la kutawadhia pale msikitini, akatwaa makumbi ya nazi na jivu.

"Mai hayapiti hapa," akasema. "Udhu wako una ila."

Akanisugua. Mimi mtu mzima, nina mke, nasuguliwa viganja mbele ya watu kama mtoto aliyetoka kuchezea matope. Alisugua mpaka damu ikatoka, na weusi ulikuwa palepale. Siku hiyo nilisali nyuma kabisa, karibu na viatu, na nilimchukia.

Niliporudi kazini nilimuuliza shekhe mmoja wa Mombasa. Alinitazama mikono, akacheka kwa huruma. Kilichofunikwa na ngozi, akasema, ni mwili wako, sali sala zako uondoe wasiwasi. Nikampelekea baba jawabu hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, akajibu neno moja tu: "Nimesikia." Hatukulizungumza tena.

Kisha kiharusi kikamwangusha, upande mmoja ukafa na ulimi ukawa mzito. Niliacha kazi nikarudi nyumbani, maana mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamsafisha kila alipojichafua. Wakati wa sala nilimtia udhu kwa mikono hii hii. Mwanzoni niliona haya, nikawa namwagia maji kwa kata bila kumgusa. Siku moja akanikamata kiganja kwa mkono wake mzima, akakiweka usoni pake, akakikandamiza hapo na kufumba macho. Nililia, naye aliniacha nilie.

Kwa hiyo alipofariki sikuwa na shaka nani atamwosha. Nilitaka jambo hilo moja tu. Maji yalikuwa tayari, nami nimekwisha kukunja mikono ya kanzu, ndipo ami, mdogo wake baba, akasimama mlangoni. Huyu ami, baba alipokuwa kitandani, alikuja kumtazama akiwa na haraka kila mara.

"Wewe kaa nde," akaniambia. "Mikono hiyo haioshi maiti."

Nikamweleza maneno ya shekhe.

"Hapa si Mombasa."

Nikamwambia mikono hiyo ndiyo iliyomtia udhu baba mpaka jana. Akajibu kwamba jana alikuwa hai. Ningeweza kumsukuma, mabega niliyatoa kiwandani. Lakini ua ulikuwa umejaa watu, wanawake wanalia ndani, na mtu hapigani juu ya maiti ya babake. Nikatoka. Nyuma yangu ami akaniita kwa sauti ya mtu anayefanya hisani:

"Twaa jembe, wende makaburini. Huko kwahitaji mtu wa nguvu."

Ndivyo ilivyo. Dari ya nyumba ya ami imeshikwa na nondo, na hajauliza hata siku moja zilishikwa na mikono ya namna gani. Kuoshea sifai, kuchimbia nafaa. Nilichimba nikilia kwa hasira, nikachimba vizuri, kwa sababu alikuwa babangu. Walipomleta nilishuka kaburini nikampokea, akanukia karafuu maiti, safi, ameoshwa na watu wengine.

Baada ya mazishi tukapanga mstari kupokea mkono wa tanzia. Watu wakapita. Ami naye akaja, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, akanyoosha mkono wake mweupe, laini. Niliushika kwa mikono yangu miwili, nikaukaza sana, nikaushikilia mpaka akaanza kuuvuta. Nilipomwachia alisogea pembeni, akageuza kiganja chake juani, akakitazama, akakipangusa kwenye kanzu, akakitazama tena.

Kilikuwa safi. Hakijashika weusi wowote.