Mashine Niliyodai Nimeiamsha

Mmekuwa mkiniuliza, na kunicheka juu yake, mbona mimi mtu mzima nikitoka Makadara kwenda Kibokoni nazunguka njia ya mbali juani na hali kuna kichochoro cha kunifikisha upesi. Haya, leo nasema, maana huu mwaka wa tatu nazunguka na viatu vinaniishia. Kichochoro kile kina nyumba ya Bi Rukia, na mlangoni kwa Bi Rukia nilipata fedheha ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu chumbani, hujifunika uso kwa shuka.

Mnaijua kazi yangu, redio za zamani, gramafoni, tepu, vile vitu ambavyo watu wenye akili walishavitupa. Ni kazi ya kukaa na wazee wasiosema. Na ugonjwa wa wazee hawa karibu wote ni mmoja, ni vile vikopo vidogo tunavyoviita kapasita, vinavyoutuliza umeme ili sauti isivume. Ndani mna karatasi iliyoloweshwa dawa, na dawa ile hukauka mwaka baada ya mwaka, utumie mashine usiitumie, na mashine ikikaa muda mrefu bila umeme, ile ngozi nyembamba sana inayozuia umeme kupita ovyo ndani ya kikopo huliwa ikaisha. Ndiyo maana mashine iliyolala haipewi umeme wote kwa mkupuo. Tunaupitisha kwanza kwenye globu ya taa, ufike umepungua, mashine ipate joto kidogo kidogo, leo kwa muda wa saa mbili, kesho wa saa tatu, na kikopo kisichopona kinabadilishwa. Kazi hii twaiita kuiamsha. Mzazi haamshwi kwa kofi.

Sasa Bi Rukia aliniletea tepu ya marehemu mumewe, ile kubwa ya magurudumu mawili, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haikuwashwa tangu mzee afariki, na hiyo ni miaka kumi na zaidi. Pamoja nayo gurudumu moja tu la utepe. Akanieleza, na alieleza taratibu ili nisije nikasema sikusikia, kwamba binti yake Zuhura alipokuwa na mimba alijirekodi kwa mashine ile akiimba wimbo wa kumbembelezea mtoto, wimbo alioutunga mwenyewe, kisha akajifungua, na mtoto hajatimiza arubaini Zuhura akatangulia mbele ya haki. Mtoto ndiye Nasra, aliyekuwa aolewe wiki mbili baadaye. Nasra hajawahi kuisikia sauti ya mamake hata mara moja. Babu mtu alikuwa hataki iguswe, ilimuuma, na alipokufa yeye hakuna aliyejua kuiwasha. Bi Rukia alitaka mjukuu wake aisikie siku ya kupambwa.

Wiki mbili zilinitosha na kubaki. Mashine ikakaa chini ya meza yangu siku kumi na tatu nami niko barazani nacheza dhumna (na nilikuwa nafungwa, hata hilo halikuwa na faida). Siku ya kumi na nne asubuhi, siku yenyewe ya kupambwa, nikaifungua. Kapasita iliyokufa mara nyingi huvimba kichwa, na hizi vichwa vyao vilikuwa bapa. Nikasema hazikuvimba, basi ni nzima. Na najua mimi, baada ya miaka thelathini ya kazi, kwamba zipo zinazokauka kimya kimya bila kuvimba, kama baadhi yetu. Nikaichomeka moja kwa moja ukutani, nikajaribu kwa utepe wangu dakika mbili, ikaimba. Chini ya wimbo kulikuwa na mvumo kidogo, nikausikia, nikajifanya sikuusikia.

Bi Rukia yeye aliusikia. Nilipoiweka dakani kwake, pale ukumbi mdogo wa kuingilia, aliinamisha sikio.

"Fundi, hini mashini ushaiamsha?"

"Nshaiamsha, Bi Rukia."

"Kwa globu, kama alivyokuwa akifanya marehemu?"

"Kwa globu."

"Na huu mvumo?"

"Sauti ya kizamani ndivyo ilivyo."

"Mungu akuweke, mwanangu," akasema.

Basi baada ya Alasiri wanawake wakajaa ndani, hina, asumini, nywele zimetengenezwa, mabuibui yote yametundikwa chumba cha nyuma. Mimi na mashine tuko dakani, nje ya pazia, nimewapa mgongo, waya wa spika umepita chini ya pazia kwenda ndani. Nje barazani wanaume wanakunywa kahawa. Nikaambiwa washa, nikawasha.

Utepe ukakoroma kidogo, kisha kikatoka kisauti cha kisichana kabisa, karibu sana, kikauliza, "Baba, imeshaanza?" Akacheka. Halafu Zuhura akaanza kuimba, na mimi mwenyewe, ambaye sikumjua, machozi yakanilenga.

Na mvumo ukaanza kupanda. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko, kinachoma. Hapo ningeizima, wallahi, ningesema imepata joto, tungoje, na aibu yangu ingekuwa ya saizi ya kubebeka. Lakini nikamsikia Nasra ndani akiuliza taratibu, "Ndiye mama huyo?" na nikaona haya kuukata wimbo. Nikaiacha. Aibu ya kwanza ndiyo iliyonishika mkono kunipeleka kwenye ya pili.

Kapasita ikapasuka, pwaa! Moshi mweupe, na harufu ya samaki aliyesahauliwa. Nikang'oa plagi, lakini moshi ulishapita chini ya pazia, na kuna mmoja akapiga kelele, "Moto!", na hapo jamani nyumba nzima ikamwagika kupitia dakani. Walipita juu yangu, karibu wanawake arubaini, vichwa wazi, mikono ina hina mbichi, bibi harusi katikati, mpaka kichochoroni, mbele ya wanaume. Wanaume kwa adabu zao wakageukia ukutani wote kwa pamoja, vikombe mkononi, wamejipanga kama wanafunzi waliochelewa. Ami yake Nasra akanguruma, pua imegusa chokaa, "Fundi! Nikigeuka nisikukute hapo!" lakini hakuweza kugeuka. Na shangazi mtu, Bi Saumu, amejifunika kichwa kwa kitambaa cha meza, anapiga mayowe, "Fundi huyu ametuanika! Ametuanika kama nguo!"

Na mimi? Mimi pia nina adabu zangu. Nilivuta kofia mpaka puani nisione wake za watu. Kisha nikakumbuka utepe, moshi bado watoka, nikasema niuokoe, na kwa macho yaliyofunikwa nikapapasa, nikaukamata, nikavuta. Ulikuwa umebanwa kwenye kigurudumu cha mpira. Nikavuta tena. Ukanifuata, laini, mrefu, na mimi nikafurahi, nikasema alhamdulillahi haukukatika.

Afadhali ungekatika. Utepe uliokatika huungwa kwa gundi maalumu, sauti ikapoteza nukta moja. Utepe uliovutwa ukarefuka haurudi. Nilipoinua kofia, nilikuwa nimeshika kitu kilichojikunja, chembamba, na nikajua. Nasra alikuwa amerudi dakani, amejitupia leso, akaniangalia mkononi. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Utatengenezeka?" Nikasema inshallah, kwa sauti ile ile niliyosemea nshaiamsha.

Wiki iliyofuata nilibadilisha kapasita zote, nikaiamsha siku tatu kwa globu, kama ilivyopaswa, nikawaita Nasra na Bi Rukia dukani. Haikuvuma hata chembe. "Baba, imeshaanza?" Safi, kama yuko hapo. Kicheko. Kisha wimbo ukaanguka, sauti ikawa nzito, ikayumba, ya mwanamume mlevi anayeomba msaada. Nasra akasema, "Huyu si mama." Bi Rukia akajaribu kuuimba wimbo mwenyewe, akaanza mara mbili, maneno hayakuja. Mara ya tatu hakujaribu.

"Rudisha mwanzo," Nasra akaniambia. Nikarudisha. "Baba, imeshaanza?" "Rudisha." Sikuhesabu ni mara ngapi, kila mara akinizuia kabla ya wimbo.

Tangu siku ile globu yangu inawaka juu ya meza mchana kutwa, na mteja akiniuliza kama nimeiamsha mashine yake simjibu kwa mdomo, namvuta aone mwenyewe. Neno nshaiamsha sitalisema tena mpaka niingie kaburini. Mwezi uliopita Nasra alijifungua mtoto wa kike, nikapelekewa salamu kwamba amemwita Zuhura, na kwamba niende kwa Bi Rukia nikale wali wa arubaini. Nilitoka mpaka mwanzo wa kichochoro, nikasimama, kisha nikazunguka.