Siku Tuliyowafukuza Wakongo Bombani

Harufu ya sabuni ya mche ikinipata ghafla, hasira hunipanda. Wengine wakiisikia hukumbuka usafi. Mimi, ndugu msomaji, hukumbuka unyama wetu.

Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa askari, katika kambi moja upande wa Nakawa. Nyuma ya ua wa kambi alikaa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, aliyewalisha wanawe kwa kufua magwanda ya baba zetu. Bintiye, Furaha, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Sote tulichota kwenye bomba moja, na sheria ya bomba ilijulikana: jerikeni yako ikishapangwa kwenye mstari, ni kama umesimama wewe mwenyewe. Hata mke wa afande haisogezi.

Kisha maji yakaanza kukatika. Siku mbili, siku nne, wiki. Unga ukapanda bei, sukari ikaadimika, na wanawake waliozoea kutaniana pale bombani wakaanza kutazamana kama kuku wanaogombea punje moja. Redio nayo ilifoka kila jioni: nchi jirani inatuonea, inakula chetu. Mama alisonya. "Hawa watu! Hata hapa wanatumaliza. Yule Mukongo anachota jerikeni sita. Sita! Za nini?"

Za magwanda ya mume wako, Mama. Lakini nani angethubutu kumwambia? Si mimi.

Jumamosi moja ikavuma kwamba maji yangerudi mchana. Furaha alikuwa amepanga jerikeni zao tangu alfajiri, wa kwanza kabisa. Akaniomba nimlindie, akampe mdogo wake uji. "Akello, unichungie majerikeni, nakuya sasa hivi." Nikaitikia. Hakuwa hata amefika kwao, Mama akatokea, akaona jerikeni zetu ziko nyuma ya zile sita. Aliniambia neno moja tu: "Toa."

Nikatoa. Haki ya Mungu, sikusita. Nilizipiga teke moja moja mpaka mtaroni, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilijiona jemadari!

Mama Furaha alipofika hakutukana. "Na sisi tuko na kiu, bamama," alisema, akainama kuokota. Mmoja wa wanawake akatoboa jerikeni kwa kisu. "Rudi kwenu ukachote huko!" Mwingine akamvuta kitenge, kisha mawe yakaanza kuruka. Furaha alikuwa amesimama pembeni, na hakuwatazama wao hata kidogo. Alinitazama mimi. Kabla ya jioni walikuwa wamefunga mizigo yao na kuondoka kuelekea Luzira, nami sijawaona tena mpaka leo.

Kesho yake Baba akaamriwa kwenda mpakani. Alivaa gwanda ambalo Mama alilisuuza kwa maji ya kinamasi, linanuka tope, akapanda lori pamoja na wenzake wakiimba. Nilimuuliza anakwenda kupigana na nani. "Na wanaotuibia," akasema. Nikaona ni haki kabisa. Alirudi mwaka uliofuata, na sikumsikia akiimba tena.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa na fundi wa mabomba, mzee mcheshi asiye na haya, kwamba koki ilifungwa huko juu kilimani ili matangi ya wakubwa yajae kwanza. Alicheka. Mimi nilitaka kumzaba kofi. Kwa wiki zote zile za kiu, hakuna hata mmoja wetu aliyepanda kilima kwenda kutazama. Wakubwa walikuwa mbali na wanatisha. Mama Furaha alikuwa karibu, na hakuwa na mtu wa kumtetea. Siku hizi mheshimiwa akipaza sauti kwamba jirani ndiye anayetumaliza, namsikia Mama yangu, na naisikia sauti yangu mwenyewe.

Maana hata baada ya lori la Baba kuondoka, bomba lilibaki kavu. Mama alisimama pale ameshika kiuno, kisha akageuka taratibu akawatazama watu wa bloku ya pili ya kambi yetu. Nami, bila kuambiwa, nikaanza kuhesabu jerikeni zao.