Mama Alisema Hakuna Shida

Mama yangu anaishi nje kidogo ya Kilimatinde, na ndege za jeshi hupita juu ya nyumba yake. Bado ni chache, lakini ikipita moja mabati yanatetemeka, ng'ombe wanavunja zizi, na mama anashika kifua na kukaa chini papo hapo alipo. Ana presha. Nimemwambia mara nyingi aje tukae wote Utemini, huku mjini ninakoshona nguo, naye anasema kwake hahami akiwa hai. Basi tuliposikia kambi ya jeshi iliyo jirani inataka kuongezewa ndege za kivita, na kwamba wataalamu watapita kwanza kutathmini athari zake kwa mazingira na watu, nilifurahi. Nilijua hatimaye kuna mtu atamuuliza mama.

Na kweli walimuuliza. Sikuwepo, nilisimuliwa na dada yangu anayekaa naye. Walifika asubuhi, kijana mmoja na mwenzake wa kike, wakamwamkia vizuri. Mama akawatolea viti, akaagiza kuku akamatwe. Maji ya ugali hayajachemka, kijana akamuuliza kama kelele za ndege zinamsumbua. Mama akajibu, "Hakuna shida, wanangu. Karibuni." Wakaandika, wakashukuru, wakasema wana kaya nyingi za kupitia, wakaondoka. Mama akabaki na kuku aliyekwisha kuchinjwa.

Mtu wa kwetu ataelewa mara moja kilichotokea. Mgeni hatwishwi shida zako akiwa hajala. Akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama ndani kuna mgonjwa mahututi, na yale mazito unamweleza akishanawa mikono. Mama alikuwa na maneno yake tayari kabisa. Alikuwa anangoja ugali uive tu.

Siku ya mkutano wa hadhara nilifunga cherehani, wateja wangu wa sare za shule wakanuna, nikaenda. Kijana yule yule akasoma rasimu ya tathmini. Ilisema kwamba katika kitongoji chetu wakazi waliohojiwa hawakuonyesha kero yoyote kuhusu kelele. Watu wakainamisha vichwa. Mama hakuwa peke yake, karibu kila nyumba ilikuwa imewajibu wageni kwa adabu ile ile.

Mdomo wangu unajulikana kijijini tangu nikiwa msichana. Nilisimama bila kunyoosha mkono, nikaeleza kwamba walichoandika ni salamu, jibu lenyewe hawakulisubiri. Kijana, ambaye kwa kweli alikuwa mpole, akasema wao huandika kile mtu alichosema, hawawezi kuandika kile alichopanga kusema baada ya chakula. Kuna waliocheka. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia basi arudi akaulize upya, na kabla hajarudi maneno hayo ayafute, maana mama yangu hakuruhusu mtu yeyote apitishe ndege juu ya kichwa chake.

Mwenyekiti wa kijiji akaniomba nikae. Sikukaa. Akaniomba tena, safari hii kwa ukali, na hapo wanawake waliokuwa nyuma yangu wakaanza kusimama. Walisimama tu na vitenge vyao, na mkutano ukashindwa kuendelea. Kijana akakubali kurudi.

Waliporudi nilikuwepo. Mama alitoka kabla hawajafika uani, akasimama katikati ya njia. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, na baada ya hapo hakusema karibu. Dada yangu alikuwa ameshashika viti, mama akamzuia kwa mkono.

"Ndege hizi zinaniua," alisema. "Mkileta nyingine nitafia hapa hapa, maana mimi sihami. Andikeni sasa hivi, kabla hamjaketi."

Kijana aliandika amesimama juani. Nikamtaka asome alichoandika, akasoma, na yalikuwa maneno yale yale ya mama. Nilijisikia vizuri sana, sitaki kudanganya. Wakaaga, wakaenda zao.

Mama akaingia ndani akalia. Nilidhani ni presha, nikakimbilia dawa, akaisukuma pembeni. Alisema kwa Kigogo, lugha yake ya uchungu, kwamba tangu aolewe hajawahi kumwacha mgeni amesimama nje kwake, wala kumwacha aondoke na njaa.

Taarifa ya mwisho haijatoka. Wakiamua kuziongeza hizo ndege tutasimama tena, na mimi nitakuwa mbele. Lakini hata wasipoleta hata moja, kumfundisha mama yangu kuwanyima watu kiti, hilo siwasamehe.