Kozi Tatu za Matofali

Miaka ile ya tisini nilisimamia ujenzi wa zahanati kule Mofu, na nilikuwa na kiburi cha makaratasi. Fomu ya mabadiliko niliitunza kuliko shati langu. Bila saini ya mhandisi aliyeko Morogoro na ya kamati ya kijiji, hata dirisha halisogei.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkunga, mama wa Kindamba aliyezalisha nusu ya kijiji. Ndiye aliyenipa chumba, ndiye aliyeniita mwanangu. Msingi ulipokamilika alikuja akautazama, akainama akashika goti lake.

"Mwanangu, masika maji hufika hapa. Pandisha msingi kozi tatu, mistari mitatu tu ya matofali, wajawazito wangu wasije wakajifungulia majini."

"Nimekusikia, mama. Lakini mpaka fomu irudi."

"Kwani fomu inajua kuogelea?"

Mafundi wakaangua kicheko. Nikanuna. Nikaandika barua ya kuomba kibali, nikaipeleka kwa lori la Ifakara, kisha nikaamuru kuta ziendelee kama ramani ilivyosema. Matofali yalikuwepo, saruji ilikuwepo. Kozi tatu zingetuchukua siku mbili tu. Lo, mimi jamani!

Mvua za kwanza zilipoanguka, kijiji kizima kikahamia mashambani kulima mpunga, kama kawaida yao, milango ikafungwa kwa kamba. Mafundi wakamaliza bati, wakaondoka. Nikabaki na zahanati mpya na kuku wawili wasio na mwenyewe. Jioni nilipiga hodi kwa mkunga huku nikijua hayumo. Upweke uliniuma, nasema kweli, hadi nikawa nasoma fomu kwa sauti ili nisikie mtu anaongea.

Masika ikaja. Maji yakaingia chumba cha kujifungulia, yakafika gotini, palepale. Wiki hiyohiyo jibu likaletwa kwa mtumbwi: mabadiliko yamekubaliwa, kamati iweke saini.

Nikamfuata mkunga shambani. Nilimkuta juu ya dungu, kile kibanda chao cha nguzo ndefu, ndiyo kwanza amemzalisha binti mmoja, mkavu kabisa, juu ya mkeka. Nikampandishia fomu na kidau cha wino. Hakunigombeza, afadhali angenitukana. Alifuta mkono kwenye kanga, akaweka dole gumba.

"Haya, Bwana Mradi. Nenda salama."

Nikasimama majini, nikingoja aniite mwanangu. Alikuwa amesharudi kwa mzazi wake, yule binti wa mkekani.