Arnhem, Mji wa Daraja Lililoanguka Mara Mbili

Safari hii niliifunga kwa sababu ya kadi ya harusi. Raya, binti wa marehemu kaka yangu Hamadi, alikuwa anaolewa, na kwa bidii zake akawatumia watu wote kadi za kupendeza za wino wa dhahabu. Moja aliipeleka Arnhem, Uholanzi, kwa ami yake Seif: unakaribishwa wewe na mwenzako mmoja, meza ya kumi na mbili. Sasa Seif si mgeni. Baba wa mtoto hayupo, babu hayupo, kaka hana. Seif ndiye walii, ndiye wa kumwozesha. Walii huendewa akaombwa, hapangiwi meza! Seif alinuna, akawa hapokei simu, na harusi iko mlangoni. Raya kazaliwa London, atajuaje mambo haya? Lakini Seif naye, kaka yangu, ana kichwa kigumu, na mimi ndiye dada yake, namjua. Nikaona hili halimalizwi ila kwa miguu.

Alfajiri nilitoka kwangu Thamesmead, London, na begi moja dogo. Ndani mlikuwa na haluwa na mfuko wa chevra, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, nilioununua Harrow kwa Muhindi mmoja wa Mombasa, maana Seif akiona chevra husahau nusu ya hasira zake. Treni ilipoingia chini ya bahari nikasoma Ayatul Kursi mpaka nikaona mwanga wa Ufaransa.

Kuanzia Rotterdam nchi ni tambarare kama sinia. Maji yamechorwa mistari iliyonyooka, ng'ombe wamenona, na wanawake wa umri wangu wanakwenda kwa baskeli dhidi ya upepo bila hata kukunja uso. Nikawapenda hapo hapo. Utrecht nikabadilisha treni, na jioni nikashuka Arnhem.

Sikuwa nimempa habari. Nikabisha hodi, Seif akafungua, akashika kifua.

"Zuwena! Kuna msiba?"

"Msiba wauleta weye kwa kununa."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Miaka yote wajisifia daraja lako, nimekuja kuliona."

Akacheka kwa pua, akaniwekea kahawa. Chevra akaila yote. La Raya hakuligusa, na mimi sikulianza, kwani mwenye haja hula kwanza, akaulizwa hali, ndipo akaitaja.

Asubuhi ya pili tulitoka kwa miguu. Arnhem ni makao makuu ya jimbo la Gelderland, mji wa tangu zamani kando ya mto Rhine. Seif alinionyesha kanisa kubwa ambamo amezikwa mmoja wa watawala wa kale. Mnara wake uliporomoka vitani, nao wakausimamisha tena, mrefu hata shingo ikaniuma kuutazama. Kisha tukafika darajani. Ni tao la chuma juu ya mto mpana, magari yanapita, na kwa mimi niliyezoea madaraja ya London halikunishangaza. Nikamwambia hivyo makusudi.

"Ngoja usikie kwanza," akasema. "Mwaka 1940 Wajerumani walipovamia, Waholanzi wenyewe walililipua ili adui asivuke. Likatengenezwa. Mwaka 1944 Waingereza wakashuka kwa miavuli waje kulishika. Wachache tu ndio waliofika upande huu wetu wa kaskazini. Wakajifungia katika nyumba za hapa pembeni, wakipigana na kuwangoja wenzao waliokuwa wakija kutoka kusini kwa njia ya mji wa Nijmegen. Kule daraja lilipatikana, lakini wenzao hawakuwahi kufika hapa."

"Wakashindwa?"

"Wakashindwa. Wajerumani wakawafukuza watu wa mji wote, nyumba zikaporwa. Baadaye ndege za Washirika zikaja kulibomoa daraja Wajerumani wasilitumie. Mara mbili limeanguka, Zuwena, na mara zote mbili si adui aliyeliangusha."

Nikakumbuka ya kwetu. Sisi nasi tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi na nguo za mwilini, tukatawanyika, huyu huku na yule kule. Hawa wa Arnhem walirudi, wakakuta magofu, wakajenga daraja pale pale na kwa umbo lile lile. Niliwaheshimu sana, na kusema kweli niliwaonea wivu.

Seif akaendelea kwamba daraja limepewa jina la ofisa wa Kiingereza aliyelishikilia, na kwamba kila Septemba watoto wa shule huenda makaburini Oosterbeek kuwawekea askari wale maua.

"Maua kwa walioshindwa?" nikauliza.

"Walikuja," akasema. "Watu wa hapa wanalikumbuka hilo tu. Walikuja."

"Basi na mie nimekuja. Nimekuja kukuomba umwozeshe Raya."

Akashika chuma cha ukingo. "Kuja kwako nimekuona, Mungu akulipe. Lakini mwari wa kuozwa ni weye?"

Nikampigia Raya hapo hapo. Kama kawaida yake akanijibu kwa Kiingereza, ati kwa nini nisimwambie ami mwenyewe.

"Hapana, mwanangu. Sema weye, na useme kwa Kiswahili."

Nikaiweka simu sauti ya nje. Lori likapita, kisha Raya akasema:

"Ami Seif, shikamoo. Nisamehe ile kadi. Naomba uje uniozeshe. Baba hayupo."

Seif akageukia mtoni. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Nakuja."

Siku iliyofuata nikashika njia ya kurudi. Mji ule umenifunza kwamba aliyeumizwa na watu wake hangoji maelezo, anangoja kuona nani atafunga safari. Nilikaa dirishani nikitazama mifereji yao hadi ikaisha, na moyo wangu mweupe.

London, Raya alinipokea stesheni na kunikumbatia kwa nguvu.

"Shangazi, nimemtoa meza ya kumi na mbili," akasema, kwa Kiswahili, bila kuambiwa.

"Umemweka wapi?"

"Kiti cha Baba."