Mama amezima kompyuta yangu ikiwa katikati ya hesabu

Jamani, kuna mtu hapa ameshawahi kumweleza mama wa huku kwetu Giakanja, mbali na bahari, matumbawe ni nini?

Mimi nimejaribu leo, tena nikiwa na hasira.

Kompyuta yangu ilikuwa inapiga hesabu tangu jana: bahari ikizidi kuwa na joto, ugonjwa utasambaa kwa matumbawe haraka kiasi gani? Profesa wangu alitaka majibu leo mchana.

Nikatoka kidogo kukamua ng'ombe, na hii baridi yetu.

Kurudi, kioo ni cheusi. Waya umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati.

"Mama, nani amezima?"

"Ni mimi. Ilikuwa inachemka na kupumua kama mtu wa homa. Kitu ikiwa na joto hivyo si ni mgonjwa?"

Ati mgonjwa!

Nikamweleza matumbawe ni viumbe vya baharini, na maji yakipata joto vinaugua. Nikamwambia kazi yote imepotea.

Akanisikiza hadi mwisho.

"Pole. Lakini si hata wewe unasema joto ni mbaya?"

Nikaanza kuukunjua ule waya.

Simu yangu ikalia. Profesa! Mama akaishika kabla yangu.

"Mimi ni mama yake. Hiyo mashine nimezima mimi, ilikuwa ichome nyumba. Mpatie hadi Jumatatu."

Na profesa, ambaye hajawahi kuniongezea hata saa moja, akasema, "Sawa, Mama. Hakuna shida."

Mama akanirudishia simu.

"Si ungeniambia kitambo niongee na yeye?"

Wenzangu, hapo mngejibu nini?